Sahani ya Matoke Niliyoimwaga



Ndugu zangu katika imani, kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Nasaha ya leo naanza kuipa nafsi yangu, kwa sababu kosa ni langu.

Katika mwaka wangu wa pili wa masomo nilipanga chumba nje ya mji wa Mbale, karibu na kilima cha Nabugoye. Huko wanaishi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao wazee wao waliingia dini hiyo mwaka 1919 wakimfuata Semei Kakungulu. Jirani yangu alikuwa jjajja mmoja wa jamii hiyo. Kila Ijumaa nikirudi kutoka Swala ya Jumaa nilimkuta uani ana haraka: sigiri mbili zinawaka, maharage yanachemka, matoke yamefunikwa kwa majani ya mgomba. Sabato yao huingia jua la Ijumaa likizama, na tangu hapo hadi Jumamosi usiku hawawashi moto wala hawapiki. Chakula cha siku nzima lazima kiive kabla ya magharibi.

Ijumaa moja alinigongea mlango na sahani ya matoke na maharage. "Mjukuu wangu, uko mbali na mama yako. Kula." Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikafunga mlango. Giza lilipoingia nikaenda kuimwaga jalalani. Nilijiambia kwamba nalinda dini yangu. Tena, siku zile nilikuwa na hasira nyingi kwa habari za Palestina, na nilihisi kwamba kwa kumwaga sahani ile nimefanya jambo.

Asubuhi kuku wake walikuwa wakidonoa matoke yale, naye amesimama anayatazama. Alinisalimia kama kawaida. Salamu ile iliniuma kuliko tusi.

Nilimwendea ustadhi wetu nikamweleza. Akaniuliza, "Kulikuwa na nyama?" Hapana. "Pombe? Mafuta ya nguruwe?" Hapana. "Basi umemwaga halali, ukamvunja moyo jirani. Ulikuwa unalinda nini?"

Akanifundisha. Aya ya 5 ya Suratul Maida imetuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu, na wafasiri wameeleza kwamba kinachokusudiwa hapo ni vichinjwa vyao. Katika madhehebu yetu ya Shafi yapo masharti kuhusu watu ambao wazee wao waliingia dini hiyo baada ya kuja Uislamu, kwa hiyo anayejizuia na nyama ya jirani wa namna hiyo ana hoja yake. Lakini maharage, ndizi, wali na matunda havichinjwi. Ni halali hata vikitoka kwa asiye na kitabu chochote, maadamu havina najisi wala haramu. Mimi sikuwa na hoja ya madhehebu yoyote. Nilikuwa na kiburi, nikakivisha kanzu ya dini.

Siku ya pili nilikwenda kwa jjajja. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Jjajja, nilikosa." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nyama ilikuwepo. Sikukutilia kwa sababu najua mna masharti yenu. Na mimi nina yangu."

Ndugu zangu, yeye aliichunga dini yangu kuliko nilivyoichunga mimi.

Ndipo nilipotaka kuyajua masharti yake. Nguruwe hawamli. Damu hawaili, na mnyama huchinjwa shingoni kwa kisu kikali na mchinjaji aliyefunzwa sharia yao. Nyama na maziwa hawavichanganyi katika mlo mmoja. Katika Pasaka yao hula mkate usiotiwa hamira pamoja na mboga chungu, kukumbuka uchungu wa utumwa na jinsi Bani Israili walivyotoka Misri kwa haraka, unga haujaumuka. Sisi tunafunga Ashura, siku ambayo Mtume (S.A.W.) alifundishwa na Mayahudi wa Madina kwamba Allah alimwokoa Musa na Firauni, akasema sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga na akaamuru ifungwe.

Yeye mwenyewe alifariki deraya yake ya vita ikiwa rehani kwa Myahudi, kwa ajili ya shayiri ya kulisha nyumba yake. Na Abdullah bin Amr, mnyama alipochinjwa nyumbani kwake, aliuliza na kurudia kama jirani yao Myahudi amepelekewa sehemu yake.

Tukumbuke pia historia ya hapa kwetu. Miaka ya 1970 Idi Amin, mwenzetu kwa dini, aliipiga marufuku dini ya Abayudaya. Wengi waliihama, waliobaki wakasali mafichoni. Mzee aliyeyaona hayo, kisha akambeba mtoto wa Kiislamu sahani, amefanya jambo kubwa. Wala si yeye peke yake: mwaka 2004 wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa eneo hilo walianzisha ushirika wa kahawa, wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Kuhusu Palestina, tusiache kuwaombea na kuwasaidia waliodhulumiwa. Lakini Suratul Maida hiyohiyo, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki. Bibi wa Nabugoye hakumdhulumu mtu Gaza.

Basi tujiusie mambo matatu. Ukiwa na shaka na chakula, uliza kabla ya kukataa. Ukilazimika kukataa, kataa kwa ulimi mzuri mbele ya mwenyewe, usipokee na kumwaga. Na ukipika, mkumbuke jirani. Idi iliyofuata sikumpelekea jjajja pilau, maana nyama ya kichinjo chetu si ruhusa kwake. Nilimpelekea tende na nanasi. Alilikata palepale, tukala pamoja.

Allah atusamehe, atutakasie nyoyo, atujaalie kuwa majirani wema. Wabillahi tawfiq.