Na Yule Kijana Je?



Jumapili iliyopita nilifundisha kutoka Waefeso 2:8-10, na baada ya ibada dada mmoja wa kwaya akanishika mkono pale mlangoni. "Pasta, sasa tushike lipi? Paulo anasema wokovu ni zawadi, matendo hayamo. Yakobo naye anasema imani isiyo na matendo ni maiti. Na wote wawili wako kwenye Biblia moja!" Nilikuwa nawahi feri, nikamjibu haraka haraka, na jibu la haraka sio jibu. Mchungaji amenipa ukurasa huu wiki hii nimalize deni.

Swali lenyewe ni la zamani. Martin Luther, aliyewasha moto wa Matengenezo ya Kanisa mwaka 1517, alisumbuka na Yakobo kiasi kwamba alipotoa Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522 aliufananisha waraka ule na majani makavu. Sisi walokole wa huku Pwani hatumtukani Yakobo. Tunamruka tu. Hesabu ni mara ngapi umesikia mahubiri ya Yakobo sura ya pili mwaka huu.

Kabla ya kuitwa kwenye huduma nilisomea biashara, na mpaka leo akili yangu inakimbilia kwenye vitabu vya hesabu. Kwenye hesabu, kabla hujasema deni limelipwa, unauliza kwanza: deni la nani? Ukidaiwa na watu wawili ukamlipa mmoja, huwezi kwenda kumwonyesha wa pili ile risiti ya wa kwanza. Atakucheka. Naamini vurugu yetu kubwa kuhusu imani na matendo inaanzia hapo, tunachanganya wadai.

Hebu tupande kidogo hapa juu, Rabai. Ukitoka Changamwe ukapita Miritini na Mazeras, si mbali. Pale ndipo Krapf na Rebmann walipoanzisha misheni mwaka 1846. Ilipofika miaka ya 1880, watumwa waliotoroka kwenye mashamba ya pwani, wale walioitwa watoro, walikuwa wakikimbilia Rabai na misheni nyingine za karibu. Pale Rabai walipokelewa na William Jones, mhudumu wa Kanisa ambaye yeye mwenyewe alikuwa mtumwa, akakombolewa na kusomeshwa India kabla ya kurudi huku. Mabwana wakaja juu: hao ni watu wetu, tunawataka. Mambo yakakaribia kuwa mabaya sana. Mwishowe George Mackenzie wa Imperial British East Africa Company akapatana na mabwana kwamba walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, watoro wakapewa hati za uhuru. Kwa jumla walikuwa kama 1,400.

Sasa jifanye wewe ni mama mmojawapo kwenye mstari ule. Umetoa nini kulipia karatasi unayopewa? Hujatoa kitu. Ulikuja na miguu yako na hofu yako. Mwingine amekaa na mabwana, mwingine amekubaliana bei, mwingine amelipa, wewe unanyoosha mkono unapokea. Ukisema "nimeipata kwa bidii yangu" utakuwa unadanganya mbele ya mashahidi 1,400. Mpendwa, hiyo ndiyo Waefeso 2:8-9. Deni letu kwa Mungu hatukulipa sisi. Alilipa Yesu pale Kalvari, tukapokea kwa mkono mtupu, na mkono huo mtupu ndio tunauita imani. Sitaki mtu yeyote amalize ukurasa huu akidhani nimepunguza hapo hata senti.

Na ni hatari kupunguza. Mnakumbuka mwaka 2023, hapa jirani zetu Kilifi, msitu wa Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watoto kwa wakubwa, watu wanaodaiwa kufundishwa kufunga kula hadi kufa ili wakamwone Yesu. Hayo mengine nawaachia mahakama. Ninachosema ni hiki: mtu asiyejua kwamba deni lake kwa Mungu limeshalipwa anaweza kuuziwa chochote. Atauziwa njaa, atauziwa mafuta na maji ya chupa, ataambiwa auze kiwanja alete pesa. Kila siku ataletewa bili mpya, naye atalipa, kwa sababu hana hakika.

Lakini kwenye historia ya Rabai kuna jambo ambalo sikuliona mara ya kwanza, na tangu nilione linanisumbua. Fidia ilikwenda kwa nani? Kwa mabwana. Aliyelimishwa bure, aliyetenganishwa na mamake, yeye alipewa karatasi. Karatasi kubwa, siidharau. Ila aliyekuwa amedhulumiwa ni yeye, na katika mapatano yale hakuna aliyefungua ukurasa wa deni lake.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Sababu ni kwamba mimi mwenyewe niliwahi kufanya hesabu kama hiyo.

Mwaka 2012 nilikuwa karani wa hesabu kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Kwa miezi minne nilichukua pesa za matumizi madogo ya ofisi kwa kuandika vocha za uongo, leo nauli, kesho chai ya wageni, keshokutwa fotokopi. Zilifika shilingi 23,000. Wakaguzi walipokuja, macho ya kila mtu yakaenda kwa tarishi, kijana wa Magongo aliyekuwa akibeba pesa kupeleka huku na huku. Hakuulizwa mara mbili. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka mlangoni alipopita na mfuko wake wa plastiki kwenda nyumbani. Nikainamia kompyuta.

Miezi saba baadaye niliokoka, kwenye mkutano wa injili. Niliokoka kweli, silitilii shaka mpaka leo. Jumapili iliyofuata nikasimama kutoa ushuhuda: nilikuwa mwizi, niliiba kazini, mwingine akafukuzwa kwa sababu yangu, lakini Yesu amenisafisha. Kanisa lote likapiga vigelegele. Nilikaa chini nikisikia mwili mwepesi.

Nje alikuwa ananingoja mama mmoja mzee, mjane, muuza samaki wa kukaanga. Akaniuliza, "Mwanangu, na yule kijana je?"

"Yupi, mama?"

"Aliyefukuzwa."

Nikamwambia, "Mama, hayo yote yamefunikwa na damu ya Yesu."

Akatikisa kichwa polepole. "Mungu amekusamehe, mwanangu, hapo sina neno. Lakini yule mtoto anakula nini leo?"

Nilikasirika, wapendwa. Niliona huyu mama bado yuko kwenye dini ya matendo. Nilikwenda nyumbani nikatafuta mistari ya kumjibu, na nilipata mingi. Mtu aliyeokoka juzi hakosi mistari. Taabu ilikuja nilipoendelea kusoma.

Nilisoma Walawi 6. Mtu aliyemdhulumu jirani yake anatakiwa kurudisha kitu chenyewe pamoja na sehemu ya tano juu yake, tena kwa mwenyewe, siku ile ile anayoleta sadaka ya hatia. Ona vitabu viwili vya hesabu hapo. Kondoo anakwenda kwa Bwana na mali inakwenda kwa mwenye mali, wala hakuna mahali sheria inasema ukileta kondoo mnono basi mwenye mali akae kimya. Nikasoma Luka 19. Zakayo hakuambiwa alipe ndipo Yesu aingie kwake. Yesu aliingia kwanza, bure, watu wakinung'unika. Lakini angalia kilichotokea Yesu akiwa ndani: yule mzee wa ushuru akasimama akaanza kukumbuka majina ya watu. Nikasoma Filemoni, ambayo ni ukurasa mmoja tu na ndiyo iliyonimaliza. Onesimo ameokoka, amekuwa mwana wa Paulo katika imani, anarudishwa kwa Filemoni. Paulo yule yule wa Waefeso, mtume wa neema, angeweza kuandika "huyu sasa ni ndugu, achana na madeni." Badala yake, katika mstari wa 18 anasema kama anadaiwa kitu, kiandikwe kwake yeye Paulo. Deni halikupotea hewani eti kwa sababu mtu ameokoka.

Ukisoma Yakobo na hesabu hizo kichwani, ugomvi na Paulo unaisha. Mfano wake katika 2:15-16 ni wa ndugu aliye uchi na mwenye njaa anayeambiwa aende kwa amani akaote moto. Hapo Yakobo hazungumzii Mungu analipwaje. Anamwangalia mtu aliyesimama mlangoni kwako na baridi yake.

Kuna ndugu ataniuliza, na yule mwizi msalabani? Alirudishia nani? Hakumrudishia mtu, na aliingia paradiso siku ile ile. Nampenda sana mtu huyu, kwa sababu ndiye shahidi wangu kwamba matendo hayakuwa bei hata kidogo. Lakini mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Yangu mimi ilikuwa huru, na kila mwisho wa mwezi ilikuwa inapokea mshahara.

Wazee wetu wa uamsho walilijua jambo hili kuliko sisi. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kuingia Kenya katika miaka ya 1930, ulijulikana kwa nyimbo, ndiyo, lakini pia kwa watu waliokwenda kugonga milango ya waliowaibia, mkononi wameshika kilichoibwa. Mtu aliyekuwa hajawahi kuingia kanisani alijua kuna kitu kimetokea, kwa sababu mali yake imerudi.

Na leo? Mzee mmoja huko Likoni, Mwislamu, mwenye nyumba, aliniita kwa heshima zote. "Pasta, mimi sina neno na dini yenu. Wapangaji wangu watatu ni waumini wako. Usiku wanaomba, wanaimba vizuri, hata watoto wangu wanazijua nyimbo. Lakini kodi ya miezi miwili sijaiona." Nilitaka ardhi ipasuke. Sizungumzii aliyekosa, kwa maana maisha ni magumu na Mungu anaona. Huyo aende amweleze mwenye nyumba kwa adabu. Namzungumzia aliyetoa sadaka ya shukrani ya elfu tano mbele yetu sote huku dada wa kazi nyumbani kwake hajalipwa tangu Agosti. Ndugu yangu, Mungu hakuwa anakudai hiyo elfu tano. Yule dada anakudai.

Nami pia sikukimbia kwenda kulipa. Ilinichukua karibu miaka miwili. Nilikuwa nimeanza mipango ya harusi, niliogopa polisi, niliogopa wakwe. Siku moja nikaweka 23,000 kwenye bahasha, nikaongeza sehemu ya tano, 4,600, nikaenda Magongo. Nilimpata kwenye stendi ya boda boda, anaendesha pikipiki ya mtu. Nikamweleza yote, nikampa bahasha.

Akazihesabu mpaka mwisho, kisha akanirudishia. "Hizi si zangu, ni za kampuni. Mimi nataka jina langu. Mamangu alikufa akidhani mimi ni mwizi."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata kwa ngumi. Hilo sikuwa nimejitayarishia, na mpaka leo sijui linalipwa kwa nini.

Niliandika barua, kurasa mbili, tarehe na vocha moja moja kadiri nilivyokumbuka, nikaipeleka kwa meneja pamoja na bahasha. Alisoma akiwa amesimama. Alichukua pesa, akaniambia nisikanyage tena pale, polisi hakuita. Nakala yangu nilimwomba aipige mhuri, akaipiga kwa hasira. Mchana huo huo niliipeleka Magongo. Yule ndugu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati, akavaa helmeti yake, akampakia abiria aliyekuwa akingoja.

Nilimtafuta tena, nikamuuliza siku za kazi alizopoteza tuzihesabuje. Tulikubaliana kiasi, nikawa nalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na mwaka jana nilimaliza. Siku hizi tukikutana stejini ananisalimia, mara nyingine ananiuliza habari za watoto. Kanisani hajaja.