Hishima ya Bibi wa Nyumba

Swali letu la leo ni hili: hishima ya bibi wa nyumba ni kuijua kazi, au ni kuwa na wa kumfanyia?

Tutazame kwanza bara. Katika karne ya 19, pale ilipo leo miji ya Busia na Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda haukuwapo. Waliokaa huko ni Waluhya wa Bukhayo, Marachi na Samia, pamoja na Wateso. Kila mke alikuwa na shamba lake na ghala lake. Yeye ndiye aliyepima: hii ya chakula, hii ya mbegu, hii ya mgeni, hii ya mwaka wa njaa. Aliweka wimbi, nafaka ikaayo miaka bila ya kuliwa na wadudu. Alilima kwa jembe lililofuliwa na wahunzi wa Samia, na unga akausaga mwenyewe juu ya jiwe, hali amepiga magoti. Misafara ya pwani ilipofika kwa Mumia, mashariki ya huko, ilinunua chakula cha nchi zile. Basi wazee wetu walikula jasho la mikono ile.

Na huku kwetu? Katika majumba makubwa ya Unguja na Mombasa, kutwanga na kuteka maji ilikuwa kazi ya watumwa, na bibi akasifiwa kwa kutoigusa. Sheria iliuondoa utumwa Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907; lakini fikira yake haikuondoka. Mpaka leo wako miongoni mwetu wamwajirio msichana kutoka bara, wakamlaza jikoni na kumlisha makombo, na wao wenyewe hawajui kukadiria mchele wa siku moja.

Atasema mtu: kuajiri mtumishi si haramu. Ni kweli, wala hatusemi ni haramu. Lakini Bibi Fatima, binti ya Mtume, alisaga hata mikono ikamuuma. Na alipoomba mtumishi, baba yake alimfunza dhikri ya kusoma wakati wa kulala. Lau kusaga kungalikuwa aibu, asingaliachiwa yeye.

Kosa, basi, ni kuidharau kazi tuilayo matunda yake. Aijuaye kazi huujua uzito wake, akalipa ujira kwa haki, wala asimchoshe mtu kupita kiasi. Tuwafunze watoto wetu, wa kike na wa kiume, kupika, kufua na kuweka akiba. Kisha tumtazame yule msichana wa jikoni kwa jicho jingine.

Wabillahi tawfiq.