Maji ya Mbwa wa Getini



Ndugu zangu, leo nina maneno machache kuhusu mbwa. Naona nyuso zimeanza kubadilika. Nivumilieni.

Tunafuga mbwa, tusikatae. Wapo nyuma ya maduka yetu, kwenye yadi za mbao, kwenye mashamba ya minazi na mazizi ya mbuzi, na sharia imetupa ruhusa hiyo kwa ulinzi wa mali, mifugo, kilimo na uwindaji. Wengi wetu hatuwanunulii chakula cha dukani. Tunawapikia wenyewe: ugali wa pumba, vichwa vya samaki, dagaa, ukoko wa wali, na siku nyingine mabaki ya pilau. Ni jambo jema. Lakini ukimwuliza mwenye mbwa maji yake yako wapi, jawabu huwa hilo hilo: "Shekhe, chakula chake namtilia mchuzi, kina maji tayari."

Jawabu hilo ni nusu ya kweli. Chakula cha kupikwa kina maji mengi. Ugali peke yake zaidi ya nusu yake ni maji, ilhali kile chakula kikavu cha mfuko maji yake ni kama asilimia 10 tu. Ndiyo maana mbwa anayepikiwa nyumbani haendi sana kwenye chombo chake, na bwana wake akiona maji yamebaki mpaka jioni, kesho hamwekei tena. Hapo ndipo anapodhulumiwa.

Hebu tupige hesabu. Mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 za maji kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, ukijumlisha ya chakula na ya kunywa. Mbwa wa kilo 20 basi anataka lita moja na kidogo. Ukimpa kilo nzima ya ugali na dagaa, pengine atapata zaidi ya nusu lita humo. Iliyobaki ataipata wapi? Na hiyo ni hesabu ya mbwa aliyelala kivulini. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, ana kidogo tu kwenye nyayo. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kila pumzi inatoka na maji yake. Sasa mfikirie amefungwa mnyororo kando ya geti la bati, Mombasa au Dar es Salaam, Januari, saa nane mchana. Jike anayenyonyesha, yeye haja yake ni kubwa zaidi ya hiyo.

Kisha kuna chumvi. Dagaa wa chumvi, ng'onda, mchuzi uliobaki sufuriani: hivyo vyote vinadai maji ili figo ziweze kuitoa chumvi. Vichwa vya samaki na nyama vivyo hivyo, kwa sababu taka zake hutoka kwa mkojo. Mchuzi wenye chumvi hauwi badala ya maji. Unazidisha haja yake. Na hilo pilau, likiwa na vitunguu msimpe kabisa, maana kitunguu kinaharibu damu ya mbwa.

Dalili za kiu kali zinaonekana bila hata kumgusa: mate mazito yenye kunata, macho yaliyozama, unyonge, mkojo mchache na wa rangi nzito. Anayetaka uhakika aivute ngozi ya mgongo katikati ya mabega kisha aiachie. Ikichelewa kurudi, mwili umeishiwa maji. Mkono mkavu kwenye manyoya makavu haunajisiki, kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Akiwa anaharisha au anatapika pia, aitwe daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nimetaja najisi kwa makusudi, kwa sababu huko ndiko tunakojificha. Sisi Mashafii tunajua kwamba chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi mtu anasema, "Siwezi kumwekea maji, ataninajisia vyombo." Mpe chombo chake! Karai bovu, nusu ya dumu lililokatwa, kiwe cha mbwa na kibaki huko huko. Masharti ya usafi tuliwekewa sisi kwa ajili ya ibada zetu. Hayakuwekwa ili kiumbe afe kwa kiu.

Na angalieni fikihi yenyewe inavyosema. Katika kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, moja ya sababu za kuruhusiwa tayammum ni kwamba maji uliyonayo yanahitajika kwa kiu ya kiumbe mwenye kuheshimiwa uhai wake, hata ikiwa kiu hiyo ni ya baadaye. Waliokisherehesha kitabu hicho wakamtoa mbwa mwenye kudhuru watu, ama mbwa wa manufaa wakamwingiza. Maana yake mbwa wako wa shamba akiwa na kiu, na maji ni hayo hayo ya udhu, maji ni yake, wewe piga udongo uswali. Mbele ya hukumu hiyo, hoja ya vyombo inasimama wapi?

Kabla yake, mwanachuoni Izzuddin ibn Abdissalam, aliyefariki 660 Hijria, alizitaja haki za wanyama juu yetu, na miongoni mwake ni kuwahudumia hata wakizeeka au wakiugua na manufaa yao yakaisha. Wangapi hapa wana mbwa mzee nyuma ya ghala ambaye hakuna tena anayemkumbuka?

Kisa cha yule mtu na kisima mnakijua, kimepokewa na Bukhari na Muslim. Alishikwa na kiu, akateremka akanywa, akatoka akamkuta mbwa anakula udongo kwa kiu, akarudi chini, akakijaza kiatu chake maji, akapanda amekiuma kwa meno. Allah akamsamehe. Kinachonigusa zaidi mimi ni sababu ya huruma yake: aliijua kiu ya mbwa kwa kuwa naye alikuwa ametoka kuionja. Sisi tunaofunga Ramadhani tunaijua vizuri kiu ya alasiri.

Basi mkitoka hapa, kabla ya chakula cha mchana, kila mwenye mbwa apite alipofungwa. Atazame kama karai lipo, kama liko kivulini, kama mnyororo unalifikia. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni na chombo kisuguliwe, maana yakikaa wiki yanazaa mbu. Wala msimwachie mlinzi peke yake jambo hili. Mbwa ni wako, na utakayeulizwa ni wewe.