Mcheza Kwao Hutunzwa, Mgeni Je?

Wengi hudhani ya kuwa mchezoni wenye wajibu ni wachezaji na mwamuzi peke yao. Mtazamaji, kwa kuwa amelipa kiingilio, huhesabiwa yu huru: ashangilie atakapo, azomee atakapo, kisha aende zake nyumbani bila kuulizwa neno. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo. Twaona ya kuwa tiketi humpa mtu kiti, haimpi ruhusa ya kumwumiza mwenziwe. Tena twaona ya kuwa jambo hili lawapasa kulifikiri hasa wale waendao kutazama mashindano pamoja na rafiki zao.

Mchezo wa tenisi watuonyesha neno hili waziwazi. Katika mpira wa miguu wachezaji kumi na mmoja hugawana lawama na aibu. Katika tenisi ya mmoja kwa mmoja mtu husimama peke yake, na kila kosa lake huonekana na wote. Ndiyo sababu desturi humtaka mtazamaji anyamaze wakati mpira unapochezwa, apige makofi pointi ikiisha. Na kwa adabu ya zamani hapigi makofi mchezaji anapokosea kuanzisha mpira, maana kosa la mtu si jambo la kushangilia. Kimya kile ni heshima wapewayo wachezaji wote wawili, mwenyeji na mgeni.

Sasa na tuone yaliyotokea mjini New York tarehe 8 Septemba 2018, katika fainali ya wanawake ya mashindano ya wazi ya Marekani. Uwanja wa Arthur Ashe una viti zaidi ya 23,000. Serena Williams, Mmarekani, alikuwa akitafuta ubingwa wake wa 24 katika mashindano makuu manne ya dunia. Mpinzani wake alikuwa Naomi Osaka, binti wa miaka 20 aliyeichezea Japani, ambaye tangu utotoni alimwona Serena kuwa ndiye kielelezo chake. Mwamuzi alimwadhibu Serena mara tatu: kwanza kwa sababu ya maelekezo ya mwalimu wake aliyekuwa kitini, pili kwa kuvunja raketi, tatu kwa maneno aliyomwambia mwamuzi, na adhabu ya tatu ilimpotezea mchezo mmoja mzima wa seti ya pili. Osaka alishinda kwa 6-2, 6-4, akawa mtu wa kwanza wa Japani kupata ubingwa wa mmoja mmoja katika mashindano hayo makuu. Walakini ulipofika wakati wa kutoa kombe, uwanja ulijaa mazomeo. Binti yule akaishusha kofia yake kufunika macho, akalia. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema ajua ya kuwa watu wote walikuwa upande wa mwenziwe, na kwamba asikitika mambo kuishia hivyo. Mshindi aliomba radhi kwa kushinda!

Mtu atatujibu: “Wale hawakumzomea Osaka, walikuwa wakilalamikia hukumu ya mwamuzi.” Haya, na tukubali ya kuwa walikuwa na haki ya kunung’unika. Kama mwamuzi alikosa au hakukosa, wajuzi wa mchezo wamebishana tangu siku ile, wala si kazi yetu hapa kukata shauri. Lakini lalamiko lina mwenyewe wa kupelekewa. Mazomeo hayachagui, hutoka vinywani yakimlenga mmoja, yakamwangukia mwingine. Naye atakaye kutetea haki kwa kumwumiza asiye na hatia, ameivunja haki ile ile adaiyo kuitetea.

Na ni nani aliyewatuliza watu wale? Ni Serena mwenyewe, aliyeshindwa. Alimkumbatia Osaka, akawaomba watu wasizomee tena, wampe mshindi sifa zake. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika saa ile aliyeshindwa alikubali kabla ya watazamaji wake.

Hatusemi ya kuwa ni vibaya kuwa na upande. Mcheza kwao hutunzwa, na methali hiyo ni ya haki. Mtu asiyefurahi kumwona kijana wa nchi yake akishinda ana upungufu fulani moyoni. Lakini na tuisikilize methali yenyewe vizuri. Yasema mwenyeji atunzwe. Haisemi mgeni afukuzwe kwa kelele. Kumpenda wetu ni jambo moja, kumchukia mwenziwe ni jambo jingine, wala la pili halizaliwi na la kwanza kwa lazima.

Mpaka kati ya mambo hayo mawili ulionekana Septemba 2021 katika uwanja ule ule. Novak Djokovic wa Serbia alicheza fainali na Daniil Medvedev wa Urusi, na umati ulikuwa upande wa Djokovic. Upendo ule ulimgusa hata akatokwa na machozi kabla mchezo haujaisha, ingawa alikuwa anashindwa. Huo ni wema wa watazamaji. Lakini Medvedev alipobakiza pointi moja tu apate ubingwa, kelele zilipigwa akiwa katika kuanzisha mpira, naye akakosea mara mbili mfululizo. Mwishowe alishinda, hata hivyo, waliopiga kelele zile hawakuwa tena wakimsaidia rafiki, walikuwa wakimharibia mgeni kazi yake.

Hebu tufikiri mazomeo huanzaje. Watu 23,000 hawakutani kwanza kufanya shauri. Huanza mmoja. Rafiki yake aliye kando huona haya kukaa kimya, akaongeza sauti yake. Wa tatu hudhani wawili wale hawakosi kuwa na sababu. Punde uwanja mzima wavuma, na kila mtu hujiambia kuwa sauti yake moja si kitu. Walakini ni nani kati yao ambaye, akikutana na binti yule peke yake njiani, analia, angesimama mbele yake amzomee? Twaamini hakuna hata mmoja. Basi jambo ambalo mtu angeona aibu kulifanya peke yake halitakaswi kwa kufanywa na wengi. Wengi wape, husemwa. Lakini dhamiri yako usiwape.

Hapa ndipo urafiki unapopimwa. Ikiwa rafiki aweza kukuvuta uingie katika mazomeo, aweza pia kukutoa. Kumgusa mwenzako begani na kumwambia, “Ndugu yangu, mwache, hakukosa kitu,” ni neno dogo, lakini huenda likawa ndilo gumu kuliko yote ya siku ile, maana mtu huogopa kuonekana msaliti mbele ya wenziwe. Rafiki asiyeweza kuambiwa hivyo, hatujui ni rafiki wa namna gani.

Tena, huyo tumwitaye “mgeni” ni nani? Julai 2022, huko Wimbledon mjini London, Angella Okutoyi wa Kenya alipata ubingwa wa wasichana wa wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Afrika ya Mashariki ilifurahi, na ilistahili kufurahi. Lakini kila aliyemshangilia Okutoyi alimshangilia na Mholanzi, maana pointi ya wawili haikatwi vipande. Na ng’ambo ya wavu walisimama wasichana wawili wa Kanada, na mmoja wao, Victoria Mboko, wazazi wake walitoka Kongo. Msichana huyo huyo, Agosti 2025, alicheza fainali mjini Montreal katika nchi yake, na mpinzani wake alikuwa Osaka. Safari hii Mboko ndiye aliyekuwa mcheza kwao. Akashangiliwa na watu wa kwao, akashinda. Hivyo leo wewe ni mwenyeji, kesho u mgeni wa watu.

Wazazi wakumbuke pia ya kuwa watoto hujifunza kutazama kwa kuwatazama wao, iwe kwenye mashindano ya dunia, iwe kwenye kiwanja cha shule siku ya Jumamosi. Mtoto amsikiaye baba yake akimtukana kijana wa timu nyingine amekwisha kufundishwa, hata kama baba hakukusudia kufundisha.

Basi mcheza kwao na atunzwe, kwa makofi na kwa vigelegele. Mgeni naye, ameshinda au ameshindwa, na aweze kurudi kwao bila ya kuomba radhi kwa kucheza vizuri.