Kuficha Maradhi ya Mifugo: Dhambi ni ya Nani?



Nilipokuwa safarini upande wa Golbanti, katika nchi ya mto chini ya Garsen, alinijia mfugaji mmoja baada ya sala ya Alasiri akanivuta kando. Akanambia kuwa mbuzi wake tisa wametupa mimba kwa muda wa siku chache, na kwamba dalali wa Malindi yuaja kesho yake kununua. "Sheikh, nikinyamaza nina makosa?" Nilimjibu upesi, kama ajibuvyo mtu aliyekwisha kusoma mlango wa kuuza na kununua: kuficha aibu ya bidhaa ni ghishi, na ghishi ni haramu. Akatazama chini, kisha akasema: "Na nikisema, watoto wangu watakula nini?" Swali hili la pili sikulijibu, na lilinisumbua njia nzima.

Jibu langu la kwanza lilikuwa sahihi, wala siliondoi. Sote twakijua kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akaukuta umajimaji chini yake, na namna alivyomkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wakauona. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamekwenda mbele zaidi: si muuzaji peke yake apasikaye kueleza aibu, bali hata mtu wa kando aijuaye inampasa amwambie mnunuzi. Basi jirani aliyewaona wale mbuzi, na mchungaji wa kuajiriwa, na dalali mwenyewe akitambua, wote wamo.

Wako watu wetu wanaojikinga kwa hadithi ya kukanusha uambukizo, wakasema: maradhi yatoka kwa Mungu, ya nini kutenga wanyama? Hao wameshika upande mmoja wakaacha wa pili, kwani Mtume huyo huyo amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwalete penye ngamia wazima. Kilichokanushwa ni itikadi ya kijahilia kuwa ugonjwa una nguvu ya nafsi yake, si sababu alizoziweka Mwenyezi Mungu.

Na lau wangekisoma vizuri kisa cha Sayyidna Omar, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, wangeona jambo ambalo sisi wasomi hulipita mbio. Omar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakahitalifiana. Akawaita Ansari, wakahitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakamshauri arejee. Abu Ubayda alipomlaumu kuwa aikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwa mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bonde lenye kingo mbili, moja ya majani na moja kavu: apendapo kuchunga pote ni kwa kadari. Khalifa mzima alichukua hoja yake malishoni! Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwako wakati wa mashauri, akaleta hadithi iliyokata shauri lenyewe. Elimu ilikuwa kwa mtu ambaye bado hajaulizwa.

Sasa turudi mtoni. Mwisho wa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa na mafuriko, ilizuka homa ya Bonde la Ufa katika nchi ya Garissa, ikaingia na Tana River. Ni maradhi yaliyotambulikana na mabingwa hapa hapa Kenya mwaka 1931, na yalikwisha kutuua mwaka 1997 na 1998. Mayai ya mbu wenye ugonjwa hukaa mchangani miaka mingi yakingoja maji. Maji yakituama huanguliwa, mbu wakauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, mimba zikatoka na wana wakafa. Binadamu huambukizwa kwa mbu, na zaidi kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa, kumchinja na kumchuna, au kunywa maziwa mabichi. Safari ile watu zaidi ya 150 walikufa katika Kenya. Na wakati ulikuwa gani? Idi Kubwa ya Mfunguo Tatu iliangukia mwisho wa Desemba hiyo hiyo, ambapo kila mwenye uwezo ashika kisu. Tumesoma vitabuni kuwa mnyama mwenye ugonjwa ulio wazi hafai kuwa udhiya. Tulidhani ni kwa ajili ya heshima ya ibada tu.

Waliochunguza baadaye walikuta kuwa wafugaji wa Kisomali walikuwa na jina la ugonjwa huu katika lugha yao, sandik, kwa damu itokayo puani. Waliona mvua isiyo ya kawaida, wakaona wingi wa mbu, wakaona mimba zikitoka, yote hayo kabla ya khabari kufika afisini. Lakini hapakuwa na mtu wa kuwauliza, na wao hawakuwa na sababu ya kwenda kusema.

Lakini wakiulizwa, faida yake imekwisha kuonekana. Sotoka, iliyomaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imeondoka duniani. Katika miaka yake ya mwisho madaktari wa mifugo waliketi na wachungaji, wakauliza majina ya maradhi kwa lugha zao, na huko Ethiopia katika miaka ya 1990 wafugaji wenyewe walifunzwa kuchanja. Mara ya mwisho ilithibitishwa katika nyati wa Meru, hapa Kenya, mwaka 2001. Basi vijana wa vijijini wanaofunzwa leo kupeleka khabari za wanyama wagonjwa wasidharauliwe kwa kuwa hawana shahada. Wao ndio walinzi wa nchi.

Hata hivyo mlinzi huyo akisema, hutokea nini? Huwekwa karantini, minada hufungwa, machinjio husimama. Hayo ni haki. Nchi haiwezi kuachwa. Ila hasara yote humwangukia yule aliyesema kweli, na jirani yake aliyewauza wagonjwa wake juzi kwa kunyamaza hubaki na fedha. Ugonjwa ulipofika Saudia na Yemen Septemba 2000, bandari za huko zilifungwa kwa wanyama wa pembe ya Afrika, na mchungaji aliyekuwa mbali na bahari alilipa bila kujua kosa lake. Mwenye kumfanya mkweli awe maskini ana sehemu katika uongo wa wengine. Na hapa siisemi serikali peke yake. Nasema nasi wa Malindi na Mombasa tulao nyama ya Tana kwa bei ya chini, kisha tukawaita wafugaji wajinga.

Tena liko jambo zito kuliko fedha. Mwaka 2012 Wapokomo na Waorma waliuana katika nchi hiyo hiyo ya mto, wakafa zaidi ya watu mia, wake na watoto wakiwemo, kwa ajili ya ardhi, maji na malisho. Mpokomo wa Golbanti ndiye aonaye mzoga ukingoni mwa shamba lake. Mworma ndiye ajuaye mzoga ule wasema nini. Wasiposemezana, ugonjwa wapita katikati yao.

Nilipofika nyumbani nililieleza darasa letu, tukachanga. Fedha zenyewe hazikufikia bei ya mbuzi wawili. Nikampelekea pamoja na jibu langu la pili: kwamba kusema ni wajibu wake, na kumlisha akisha sema ni wajibu wetu. Alizipokea, akarudisha salamu kuwa dalali alikwisha kuja. Hakueleza alimwambia nini, nami sikuona uso wa kumuuliza.