Kisiki na Ubao

Miezi kadha iliyopita nilikwenda kwa fundi seremala mmoja wa mjini Unguja kumtaka anichongee marufaa ya kuwekea msahafu, na kwa kuwa macho hayana pazia, sikuridhika na mti wowote wa mashamba yetu, bali nilitamani msaji, mti ule wa Bara Hindi na Burma ambao matajiri wa zamani waliupenda kwa milango yao, usioliwa na mchwa upesi wala kupinda kwa mvua, na ambao ukipigwa randa hutoa harufu nzito kama ya ngozi iliyopakwa mafuta. Fundi alinitolea ubao mmoja kutoka nyuma ya karakana, akaulaza mezani, akaupapasa kwa kiganja. Ulikuwa mpana, rangi yake ya asali iliyokolea, hauna fundo hata moja. Na marufaa, kama ajuavyo kila aliyeyaona yakitengenezwa, hutaka ubao mmoja mzima, kwa sababu unene wake hupasuliwa kwa msumeno na maungio yake huchongwa humo humo kwa patasi, pasipo gundi wala msumari, hata yakafunguka kama kitabu. Nikamwuliza umetoka wapi. Akanijibu, "Maalim, umekuja na meli. Ubao hauna kauli."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Mti uliosimama una jirani, una ndege na kivuli, na anayeukata hana budi kuviona. Lakini ukishapasuliwa na kuvushwa bahari, hutufikia umekwisha kuvuliwa nasaba yake yote, nasi hatuoni ila uzuri wake. Aliye kule ameachiwa kisiki, aliye huku amepewa ubao, na baina yao iko mikono ya wafanya biashara wengi, kila mmoja akimtwika mwenzake dhima hata isijulikane imemwangukia nani. Basi swali ninalotaka kulitaamali ni hili: je, masafa huosha dhima?

Sisi watu wa pwani twastahili kulijibu kuliko wengi, kwa maana tumesimama pande zote mbili. Kwa karne nyingi majahazi yaliyosukumwa na kaskazi kutoka Oman na nchi za Ghuba yalirudi na kusi yamesheheni boriti za mikoko za Lamu na za delta ya Rufiji, kwenda kuezekea nyumba za nchi zisizo na misitu. Na kwa kuwa boriti hizo aghalabu hazizidi mita 3 hivi, vyumba vya huko, kama vya Lamu na Unguja, vilijengwa virefu na vyembamba, upana wake umepimwa na mti ulioota katika tope letu. Aliyelala chini ya dari ile hakukiona kisiki. Mlamu alikiona, na mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku boriti kupelekwa ng'ambo. Kadhalika mpingo wa Kilwa na Lindi, ambao huchukua miaka 70 hata 100 kukomaa, huishia katika klarineti za Ulaya, na huenda anayezipuliza asijue hata jina la mti. Tukiwa twamtaka mpulizaji yule aulize, hatuna hoja ya kutouliza sisi tunaponunua msaji.

Yupo atakayesema kwamba kazi hiyo ni ya sheria, na kwa insafu sheria imefanya sehemu yake: tangu Januari 2017 mpingo umo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na gogo lake halivuki mpaka ila kwa kibali, Myanmar nayo, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Burma, ilikataza magogo ghafi kutoka nchini mwaka 2014. Lakini msaji wenyewe haumo katika orodha za mkataba ule, na katazo la magogo halikuzigusa mbao zilizokwisha kupasuliwa. Kwa hiyo ubao wa fundi yamkini ni halali mbele ya forodha, ilhali hapana ajuaye kama aliyeukata alikuwa na haki ya kuukata, wala kama wenyeji wa msitu walipata chochote. Hiyo ndiyo wanazuoni waiitayo shubuha, iliyo baina ya halali iliyo wazi na haramu iliyo wazi, ambayo mtu huhimizwa kuiepuka ili aihifadhi dini yake na heshima yake.

Wapokezi wa sira wanasimulia kwamba Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba, Mtume akiwa na umri wa miaka 35 na utume haujamjia bado, mti wa kuezekea haukupatikana Makka. Ulitokana na jahazi la Warumi lililovunjika pwani ya Bahari ya Sham, na mbao zake zikachukuliwa zikawa dari ya Nyumba ile tukufu. Basi mti wa kigeni si aibu, wala hapana dini iliyoharimisha uzuri wa mbali. Lakini watu wale wale, nao wangali katika ujahili, waliusiana kwamba isiingie katika jengo mali ya riba, wala ujira wa uzinzi, wala kilichochukuliwa kwa dhuluma. Mali safi ikawapungukia. Hawakuijazia kwa mali chafu wakasema nia ni njema. Waliupunguza ukuta, wakaacha nje sehemu iitwayo Hijri Ismail, ambayo hata leo imezungushiwa ukuta mfupi tu, na mwenye kutufu huizunguka pamoja na Nyumba. Kama Nyumba ya Mwenyezi Mungu ilifupishwa kwa kukosa mali safi, sioni marufaa yangu yana udhuru gani.

Watu husema tena kwamba mti umekwisha kukatwa, na kukataa kwangu hakuurudishii majani. Ni kweli, lakini bei ninayoilipa leo ndiyo ujira wa shoka la kesho. Wala kuuliza si muhali: mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji wa misitu yao, hata anunuaye gogo la huko aweze kujua limetoka msitu gani na kijiji gani kimelipwa. Ubao huweza kupewa kauli, mnunuzi akitaka kuisikia.

Nilimrudishia fundi msaji wake bila ya kumlaumu, maana naye aliuziwa pasipo maelezo. Akanichongea marufaa ya mfenesi ulioangushwa na upepo katika shamba la jirani yangu, ambaye nilimlipa mkononi, na kisiki chake nimepata kukikalia. Ubao ulikuwa mwembamba kuliko ule wa kwanza, na msahafu wangu, ambao ni mkubwa, hutokeza kila upande kiasi cha vidole viwili.