Presha Haijapona, Imetulizwa

Kisa hiki ni cha mfano, lakini nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni zitakitambua.

Fundi cherehani mmoja wa Tandika, mwenye miaka hamsini na ushei, alimsindikiza mkewe kliniki, naye akapimwa presha: 180 kwa 110. Daktari akamwandikia amlodipini, kidonge kimoja kwa siku. "Ni za kila siku, mzee wangu, hata ukijisikia vizuri." Mwezi ukapita, akapimwa tena: 130 kwa 80. Akarudi nyumbani akitangaza kuwa amepona. Vidonge vilivyobaki akavitia kwenye droo ya cherehani, kati ya bobini na vifungo. Hela ya dawa ikaingia kwenye ada ya mtoto.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, akikata kitambaa, mkasi ukamponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Alipojaribu kumwita mkewe, maneno yakatoka mazito, mdomo umekwenda upande.

"Mume wangu, una nini?"

Jirani akadakia: "Shemeji, huo ni upepo mbaya. Mpelekeni kwa mtaalamu kwanza, hospitali baadaye." Fundi akafukizwa ubani, akafungwa hirizi. Hospitali alifikishwa kesho yake jioni, CT-Scan ikaonyesha mshipa wa ubongo umeziba: kiharusi. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Hata ingekuwepo hospitalini hapo, alishachelewa. Yu hai, ila mkono wake wa kulia haushiki tena sindano.

Tusimcheke, maana hayuko peke yake. Utafiti uliofanyika Ilala na wilayani Hai, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta takriban watu wazima watatu kati ya kumi wana presha. Kati ya hao, waliojua kuwa wanayo hawakufika mmoja kati ya watano. Waliotumia dawa walikuwa kama asilimia 10, na ambao presha yao ilidhibitiwa hawakufika asilimia 1. Kisha, kati ya 2003 na 2006, watafiti wakahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi: Dar es Salaam takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai 109, tofauti za umri zikishazingatiwa.

Utafiti mwingine, wa 2008, ulisikiliza watu wanavyokieleza kiharusi. Hai walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Dar es Salaam, zilipo hospitali kubwa, wengi walitaja mapepo na uchawi. Kumbe ukaribu wa hospitali hautoshi. Lazima kwanza tuuite ugonjwa kwa jina lake.

Fundi aliponzwa mara mbili. Kwanza, alidhani namba nzuri ni kupona, kumbe dawa ndiyo iliyoishikilia. Presha haiumi, kwa hiyo mwili hautakukumbusha. Pima, na umeze kila siku. Dawa ikikushinda bei, au ikikuvimbisha miguu, mrudie daktari aibadilishe, usiiache kwa uamuzi wako. 

Pili, familia ilipoteza saa zilizohitajika. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikwama, hata dalili moja tu, angalieni saa na mkimbizeni mgonjwa hospitali. Msimlishe wala kumnywesha, maana anaweza kupaliwa. Msimpe aspirini kwa kubahatisha, kwani huenda mshipa umepasuka, na bila kipimo hakuna ajuaye. Anayetaka kumwombea dua amwombee ndani ya gari, safari ikiendelea.